Kabla Jina Halijatokea Kwenye Orodha ya Ufadhili

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka Julai, watu wa Tanga huulizana maswali mawili. La kwanza ni nani kapata nini, na hilo hujibiwa papo hapo kwenye simu. La pili ni nani atalipa chuo, na hilo ndilo linalowakalisha wazazi barazani mpaka baada ya isha. Mimi ni mwalimu wa kemia wa kidato cha tano na cha sita. Wazazi wengi hunijia na swali hilo la pili wakiwa wameshaanza kuhesabu cha kuuza: mashine ya boti, minazi ya Pangani, kiwanja alichoacha babu. Ndiyo maana nataka kuandika kwa kirefu kuhusu Ufadhili wa Samia. Naamini watoto wa mkoa huu wanaweza kuupata kwa wingi, na kinachowakwamisha si akili.

Ufadhili huu ulianza mwaka wa masomo 2022/2023. Serikali, kupitia Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, ilitenga shilingi bilioni 3 za kuanzia kwa ajili ya vijana waliofaulu kwa alama za juu kabisa katika tahasusi za sayansi, yaani michepuo ya masomo matatu matatu, na wanaokwenda chuo kikuu kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Ada inalipwa, chakula na malazi vinalipwa, vitabu navyo vimo, na mafunzo kwa vitendo pia. Anayepata harudishi kitu. Hapo ndipo ufadhili huu unapoachana na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambao mhitimu akishaajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Tena mkopo huangalia hali ya nyumbani kwenu, kama wewe ni yatima, kama mzazi ana ulemavu, kama kaya ni maskini. Ufadhili wa Samia hauulizi mzazi anaingiza shilingi ngapi. Unauliza ulipata ngapi kwenye mtihani.

Na hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawajalielewa, nami sichoki kulieleza. Katika mtihani wa kidato cha sita, A ni kuanzia alama 80 na ina pointi 1, B ni kuanzia 70 na ina pointi 2, C ni kuanzia 60 na ina pointi 3. Yanahesabiwa masomo matatu ya tahasusi, basi. Aliye bora kabisa ana pointi 3, na daraja la kwanza linaishia pointi 9. Kwa hiyo mtoto mwenye A tatu na mtoto mwenye C tatu wote wanarudi nyumbani na daraja la kwanza, wote wanapikiwa pilau, na majirani wote wanasema "wani ni wani". Kwenye mashindano ya nchi nzima, "wani ya tatu" na "wani ya tisa" hazikai safu moja. Mzazi anayelijua hili mapema, mtoto akiwa bado kidato cha tano, hamwambii tena "wewe faulu tu". Anamuuliza ile B ya fizikia inahitaji nini ili iwe A.

Kuna baba mmoja wa Kigombe, mvuvi, ambaye binti yake alisoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, na kupata pointi 3. Alikuja mjini kuuza samaki pale Deep Sea, akapitia shuleni akiwa na ndoo yake tupu na karatasi aliyokunja mara nne. Ilikuwa tangazo la ufadhili, limechapwa stesheni, kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, na wino umefifia upande mmoja. Alilinyoosha juu ya meza yangu kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayeogopa litachanika.

"Mwalimu, nisomee tena hapa. Deni hili tutaanza kulilipa lini?"

"Hakuna deni, kaka yangu. Huu si mkopo."

"Si mkopo?"

"Si mkopo. Hata akimaliza, hadaiwi."

Akanyamaza, akaiangalia ile karatasi, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyeshafanya biashara na watu wengi: "Basi kama hawatudai, wanataka nini kwetu?"

Swali lile ni zuri sana, na nchi imewahi kulijibu kwa namna mbalimbali. Chuo kikuu kilipoanza Dar es Salaam mwaka 1961, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria, wanafunzi walikuwa wachache kiasi kwamba serikali iliweza kuwabeba, na ilichotaka kwao ni utumishi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaweka sharti jingine: kijana afanye kazi kwanza, chuo baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hazina ikashindwa kuendelea kubeba kila mtu, ikaja sera ya kuchangia gharama. Kisha ikatungwa sheria ya mwaka 2004 iliyoanzisha Bodi ya Mikopo, nayo Bodi ikaanza kazi 2005. Tangu hapo lugha yetu sisi wazazi na walimu imekuwa lugha ya mkopo: asilimia ngapi kapata, bumu (hela ya kujikimu) limetoka, bumu halijatoka. Tumeizoea mno, hata mtoto anapoambiwa "unalipiwa kwa sababu umefanya vizuri", sisi wazima tunatafuta mtego.

Nilimjibu yule baba kwamba wanataka aendelee kufanya vizuri, na hilo si dogo. Chuoni alama zinapimwa kwa GPA, yaani wastani wa alama, ya mpaka 5.0. Shahada ya daraja la kwanza huanzia 4.4, daraja la pili la juu huanzia 3.5. Mfadhiliwa hapewi miaka yote kwa mkupuo halafu akaachwa. Anaangaliwa mwaka hadi mwaka, na akiteremka chini ya kiwango kilichowekwa anaweza kuupoteza ufadhili. Mwaka wa kwanza ndio mgumu zaidi. Binti aliyekuwa wa kwanza darasani kuanzia shule ya msingi ya kijijini anaingia ukumbi wa mihadhara ambamo kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao. Wengine wanashtuka, wanajifungia, wanaona aibu kuuliza. Sapu ya kwanza, yaani mtihani wa kurudia, ikija wanaificha hata kwa mama. Hili tuliseme wazi kwa watoto kabla hawajaondoka. Kuuliza si kushindwa, na ofisi ya mhadhiri ina mlango wa kugongwa kama ofisi ya mwalimu wa Kigombe.

Huko Marekani vyuo vikuu vingi vina vitengo maalumu vya wanafunzi wanaoingia na alama za juu. Ufadhili wao mara nyingi huja na vitu vingine: madarasa madogo, mhadhiri wa kukushauri, utafiti wako mwenyewe wa kuandika na kuutetea kabla ya kuhitimu, na wenzako mliochaguliwa pamoja. Hela ni sehemu ya mpango. Sehemu nyingine ni kwamba kijana hakai peke yake na sifa yake. Natamani sana kila chuo chetu kiwakalishe pamoja wafadhiliwa wake wiki ya kwanza kabisa. Wajuane kwa sura, na wa mwaka wa tatu awaambie wa mwaka wa kwanza ni kozi ipi inaangusha watu na kwa nini. Ukumbi na chai havigharimu sana.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Chumba cha walimu kina mabishano yake ya kudumu, na moja ni hili: mtoto wa tajiri afadhiliwe ya nini? Mwenzangu mmoja husema ni kumwaga maji baharini, kwamba mtoto wa Raskazone aliyesoma shule ya kulipia tangu chekechea angelipiwa na baba yake bila hata kuuza baiskeli. Namheshimu, ila sikubaliani naye. Waswahili tunasema mcheza kwao hutunzwa, na anayetunza hamuulizi mchezaji kwao wanakula nini. Mtoto aliyejifungia miaka miwili akatoka na A tatu amestahili, awe wa Raskazone au wa Kwanjeka. Tuzo ikianza kupekua mifuko ya wazazi inageuka kuwa msaada. Msaada tunao tayari, unaitwa mkopo, nao una vigezo vyake.

Lakini nikishasema hivyo siwezi kunyamazia upande wa pili. Mtihani ni mmoja, ila hawaufikii kwa njia moja. Nitatoa mfano wa somo langu. Kemia ina karatasi ya vitendo, na humo kuna ile kazi ya kupima asidi kwa besi. Unajaza asidi kwenye bureti mpaka juu ya sifuri, unaiteremsha polepole mpaka mstari ulale sawa, jicho lako likiwa usawa wa mstari na si juu yake. Unaweka besi kwenye chupa kwa pipeti, matone mawili matatu ya kiashiria, maji yanakuwa ya njano. Kisha mkono wa kushoto unashika koki, wa kulia unazungusha chupa. Mwanzo unaachia inatiririka. Ukikaribia, unaachia tone, unazungusha, unasubiri. Tone jingine, unazungusha, unasubiri. Rangi ikigeuka kuwa ya chungwa na ikabaki, funga. Tone moja la pupa linaharibu jibu, maana usomaji unaandikwa kwa desimali mbili na majibu yako matatu yanatakiwa yakaribiane mno.

Mkono huo haufundishwi ubaoni. Mwanafunzi aliyeshika bureti kila wiki kwa miaka miwili anaijua koki yake kwa vidole. Aliyeishika mara chache, tena wakiwa wanane kwenye meza moja, mmoja akifungua koki na saba wakitazama, anafika siku ya mtihani na nadharia yote kichwani na mkono unaotetemeka. Nimewahi kufundisha hivyo, wanane kwa meza, na nimewaona wasichana wenye akili kali wakishindwa kufunga koki kwa wakati. Tofauti kati ya A na B ya kemia, na kwa hiyo kati ya kuwamo kwenye orodha na kutokuwamo, mara nyingi imelala pale mezani.

Kwa hiyo anayetaka haki katika ufadhili wa alama asiende kuitafuta kwenye fomu ya kipato. Akaitafute maabara. Tangu mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali imeondolewa, na hilo limewafungulia mlango watoto wengi ambao zamani wangeishia kidato cha nne. Mlango ukishafunguliwa, ndani kuwe na bureti za kutosha. Wako watu wa Tanga waliofanikiwa, wako Dar, wako Muscat, wako London, na kila Idi wanapiga simu wanauliza wachangie nini nyumbani. Wachangie vifaa vya maabara. Bureti, pipeti, mizani ya kupima gramu, waya wa kufanyia majaribio ya umeme. Kisima na msikiti vina wachangiaji, Mungu awalipe. Maabara haina msemaji.

Kingine kinachotukwamisha ni kalenda. Mtihani wa taifa ni Mei. Baada ya hapo vijana wanakwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, wengine hapa hapa mkoani kwetu Maramba au Mgambo, wengine mikoa ya mbali kabisa. Julai matokeo yanatoka na madirisha ya vyuo yanaanza kufunguliwa, naye kijana yuko kambini, simu haimo mfukoni, anaamka saa kumi za usiku kukimbia. Tangazo linatoka, siku zinahesabika, na mwenye kulisoma ni mama ambaye hajui hata namba ya mtihani ya mwanawe. Watoto wangu wa kidato cha sita mimi huwaambia tangu mtihani wa moko, ule wa kujipima kabla ya wa taifa: kabla hujapanda basi la kambini, acha bahasha nyumbani. Ndani yake namba ya mtihani, nakala za vyeti, barua pepe unayotumia, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) kama umeipata, na jina la mtu mmoja wa familia mwenye uwezo wa kukaa stesheni na kujaza fomu kwa utulivu. Shangazi, mjomba, kaka, yeyote anayeaminika.

Halafu majina, ambayo ni tatizo letu hasa sisi wa pwani. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanaid, na kitambulisho cha baba kina jina la babu ambalo mtoto hajawahi kulitumia shuleni. Binadamu akisoma anaelewa ni mtu mmoja. Mfumo hauelewi. Ndipo unaanza mzunguko wa kiapo, wakili, RITA wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, rudi kesho, na yote hayo kwa siku chache za Julai zilezile. Kazi hiyo ifanywe mtoto akiwa kidato cha tano, wakati hakuna haraka. Chukua vyeti vyote, vitandaze mkekani, soma herufi moja moja. Palipo na tofauti, shughulikia mwaka huo huo.

Nikiri pia kwamba siku hizi ni vigumu zaidi kumjua mtoto bora wa jirani. Januari 2023, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia yalipotoka, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Naona walifanya vyema, maana yale majina yalikuwa yamegeuzwa mabango ya biashara ya shule. Ila ukimya huo umetuachia sisi walimu na wazazi kazi ya kumtambua mtoto mapema na kumsogeza.

Kuna watoto wengine nisiotaka wasahaulike. Nafundisha sayansi, na sina sababu ya kuuonea wivu ufadhili wa sayansi. Nchi inahitaji madaktari na wahandisi, na Hospitali ya Bombo tunaijua foleni yake. Lakini niko Tanga. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapa hapa, mwaka 1909. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, akashika nafasi ya pili kati ya wanafunzi kumi na mmoja, kisha akaajiriwa karani wa forodha, Pangani. Chuo kikuu hakikuwapo cha kumpeleka. Aliandika akiwa mtumishi wa serikali, jioni, kwa saa zilizobaki. Leo akikaa darasani kijana mwenye kipaji kama kile, akasoma HKL, akapata A tatu za Historia, Kiswahili na Kiingereza, ufadhili huu haumhusu. Atajaza fomu ya mkopo kama wengine. Mimi naona ule mfuko ungetengewa japo sehemu ndogo kwa wanaoongoza katika lugha, historia, jiografia na uchumi. Wahakimu na wanadiplomasia wanatoka huko. Wanaotunga vitabu vya kiada ambavyo hao hao wanasayansi wanavisoma wakiwa wadogo, nao wanatoka huko. Mwandishi wa lugha hii asitegemee saa za jioni zilizobaki.

Yule binti wa Kigombe aliomba, jina lake likatoka, sasa yuko Dar anasomea udaktari. Mwaka wa kwanza ulimtoa jasho, hasa anatomia, na aliwahi kunipigia akiwa amekata tamaa. Nilimsikiliza, nikamuuliza kama ameshakwenda kwa mhadhiri wake. Hakuwa amekwenda. Akaenda. Alama zake zimesimama vizuri, na baba yake bado anauza samaki Deep Sea kwa mashine ileile ya boti ambayo hakulazimika kuiuza.

Nina ombi kwa waliokwisha kupata ufadhili huu na wanatoka Tanga, iwe Lushoto, Korogwe, Handeni, Kilindi, Muheza, Mkinga, Pangani au jijini. Likizo ikifika na mkarudi nyumbani, pitieni shule moja yenye kidato cha tano, ya karibu na kwenu. Msije na hotuba. Njooni mkae na watoto maabara kipindi kimoja, muwaonyeshe vyeti vyenu na fomu mlivyojaza, muwaambie ni lini mlianza kuandaa na ni kipi kiliwasumbua chuoni. Ongeeni kwanza na mwalimu wa taaluma awapangie siku. Kwa upande wetu, darasa litakuwa limekaa linawasubiri.